Hodi Isiyoitikiwa: Uhakiki wa Lugha Rasmi za Kueleza Mabadilishano ya Ujumbe baina ya Huduma za Wavuti

Mtu afikapo mlangoni kwa mwenziwe hupiga hodi, na aliye ndani huitika karibu. Maneno haya mawili ni mafupi, walakini yamebeba sheria nzima. Hodi humfunga aliyeisikia: asipoitika, kila aliyepo hutambua kwamba kuna neno lililongojewa nalo halikuja. Zaidi ya hayo, adabu ya watu wa pwani, iliyopata nguvu katika mafundisho ya Kiislamu, imekwisha kumwekea mpiga hodi mpaka wake: hupiga mara tatu, na asipoitikiwa hurudi alikotoka. Kwa hiyo mgeni hana haja ya kumwuliza mtu afanye nini akikuta kimya. Kanuni aliyofundishwa utotoni yamtosha.

Jambo hili lilichunguzwa na Emanuel Schegloff wa Marekani katika makala yake ya mwaka 1968 juu ya namna mazungumzo yanavyoanza. Alitazama mianzo ya simu 500 hivi, akaona kwamba kanuni yake ya kwanza, yaani kwamba apokeaye simu ndiye asemaye kwanza, ilivunjwa na mwanzo mmoja tu. Hakuutupa ule mmoja. Aliitengeneza upya kanuni yote kwa ajili yake, akasema kwamba mlio wa simu ni wito, na neno la kwanza la apokeaye ni itiko la wito huo. Wito ukisha kutolewa, itiko hungojewa. Lisipokuja, kukosekana kwake ni tukio lenye maana. Kanuni hiyo ndiyo kipimo kinachofaa kwa lugha ambazo makala haya yanazihakiki, maana lugha hizo nazo zimetungwa ili kueleza nani amwite nani, na nani ajibu nini.

Huduma ya wavuti ni programu iliyomo katika kompyuta moja, ipokeayo ujumbe wa programu nyingine kwa njia ya intaneti na kuujibu. Programu ya duka huiuliza ya benki. Ya wakala wa safari huiuliza ya hoteli. Aghalabu watu waliozitunga programu hizi mbili hawajapata kuonana. Basi pana haja ya maandishi yatakayomwambia kila mmoja ujumbe gani upelekwe, kwa sura gani, na kwa utaratibu gani. Tena maandishi hayo husomwa na mashine, ambayo haikulelewa na mtu wala haina mzee wa kuikosoa. Ndiyo sababu yatakiwa yawe rasmi, kila alama iwe na maana moja isiyogeuka.

Lugha ya kwanza kuenea sana kwa kazi hiyo ni WSDL. Toleo lake la 1.1 lilipelekwa kwenye shirika la W3C mwezi wa Machi 2001 na makampuni ya Ariba, IBM na Microsoft. Toleo la 2.0 lilipitishwa kuwa pendekezo kamili la shirika hilo mwezi wa Juni 2007. Pamoja na toleo hilo la pili kilitolewa kitangulizi cha kuwafundishia wanaoanza, na ndani yake mna mfano wa hoteli ya kubuni iitwayo GreatH, iliyo katika kisiwa cha mbali, ambayo hapo kwanza ilitegemea simu na faksi kupokea maombi ya vyumba. Sasa yataka kompyuta za wengine ziulize zenyewe. Muulizaji hutaja siku ya kuingia, siku ya kutoka na aina ya chumba; hoteli hujibu kwa nambari, nayo ni kodi ya chumba kwa dola za Marekani. Habari zilizopelekwa zikiwa mbovu, hoteli hurudisha ujumbe wa kosa. Na chumba kisipopatikana? Kitangulizi chasema kwamba hapo hoteli itarudisha sifuri.

Sifuri hii yastahili kutazamwa kwa makini. Kwa maelezo rasmi, jibu ni nambari, na sifuri ni nambari kama 200 ilivyo nambari. Hakuna alama yoyote katika maelezo hayo iwezayo kuitenga sifuri na kodi nyingine. Kwamba sifuri maana yake ni «hakuna chumba» ni habari iliyoandikwa pembeni kwa Kiingereza cha kawaida, isomwe na mtu. Mashine isomayo maelezo rasmi peke yake yaweza kumwambia msafiri kwamba amepata chumba cha bure kisiwani. Jibu la kukataa limevikwa nguo za jibu la kukubali, kama kwamba mwenye nyumba angeitika karibu kwa sauti ya chini akitaka mgeni aelewe kuwa afukuzwa.

Watetezi wa lugha hiyo waweza kusema kwamba kosa ni la mfano, wala si la lugha, kwa kuwa WSDL yaruhusu kutunga jibu lenye sura mbili, moja ya kuwepo na moja ya kutokuwepo. Maneno hayo ni ya kweli. Hata hivyo, mfano uliochaguliwa kuwafundishia wanaoanza huonyesha yale ambayo waalimu wenyewe wanayaona kuwa yatosha. Na hapa walitosheka kuieleza sura ya ujumbe kwa alama rasmi, huku maana yake ikiachiwa maneno ya kawaida. Msomi wa sarufi hatashangaa sana. Ameona vitabu vingi vilivyopanga viambishi kwa safu nzuri bila kusema msemaji huvitumia lini.

Upungufu mkubwa zaidi umo katika utaratibu wa ujumbe. WSDL 2.0 ina ruwaza za mabadilishano, na zikihesabiwa zile tatu za pendekezo lenyewe pamoja na tano zilizotolewa katika hati ya nyongeza, jumla yake ni nane. Nne huanza kwa ujumbe uingiao katika huduma, na nne kwa ujumbe utokao. Kila kundi lina ruwaza ya ujumbe mmoja usio na jibu. Ya ujumbe mmoja ambao waweza kurudishiwa kosa. Ya ujumbe na jibu la lazima. Na ya ujumbe na jibu la hiari. Mpango huu ni safi, na sifa zake zisifichwe: kila ruwaza yasema wazi kama ujumbe wa kosa waweza kushika mahali pa jibu, au waweza kuzaliwa na ujumbe wowote, au hauruhusiwi kabisa. Tena lugha hiyo ina alama ya kuonyesha kwamba swali fulani ni salama, yaani kuuliza tu hakumtii muulizaji katika deni lolote. Kitangulizi kimelitia swali la GreatH alama hiyo, na ni haki yake.

Lakini ruwaza ya pili, ile ya ujumbe mmoja ambao waweza kurudishiwa kosa, yaonyesha ufa. Mambo yakiharibika, mpelekaji ataambiwa. Mambo yakienda vema, hataambiwa neno. Basi akikuta kimya aelewe nini? Yamkini ujumbe umefika na umekubaliwa. Yamkini umepotea njiani. Yamkini umefika, umekataliwa, na ule ujumbe wa kosa ndio uliopotea. Mambo matatu yana sura moja, nayo ni sura ya kimya. Ruwaza haisemi mpelekaji angoje muda gani, wala kama ana ruhusa ya kupeleka tena, wala mara ngapi. Hodi ya pwani, ambayo haikuandikwa na kamati yoyote, yajibu maswali haya yote matatu.

Palikuwa na jitihada za kuliziba pengo hili kwa chini. Mwaka 2007 shirika la OASIS lilipitisha itifaki ya WS-ReliableMessaging, ambayo huupa kila ujumbe nambari yake katika mfululizo, na apokeaye hurudisha habari ya nambari zilizomfikia, ili zilizopotea zipelekwe tena. Hapa Kiswahili kina maneno ya kupambanua mambo ambayo mara nyingi huchanganywa. Mtu aitwaye kwa jina huitika kwanza, «naam» au «abee», ndipo ajibu aulizwapo. Kuitika ni kukiri kusikia; kujibu ni kusema neno juu ya jambo lenyewe. Itifaki hiyo huleta maitiko, wala haileti majibu. Mpelekaji ajua kwamba ujumbe umeshika mkononi mwa aliyeandikiwa, walakini hajui kama umefunguliwa na kukubaliwa.

Kasoro ya mwisho ya WSDL ni kwamba haioni zaidi ya jozi moja. Yaweza kusema kwamba hoteli hupokea swali la chumba na kurudisha jibu. Yaweza pia kusema kwamba hupokea ombi la kukodi na kurudisha hati. Haina njia ya kusema kwamba la kwanza hutangulia la pili, au kwamba hati ikisha kutolewa, ombi la kuibatilisha laruhusiwa. Yafanana na kamusi yenye maneno sahihi na mifano ya jozi za salamu, bila sura hata moja ya sintaksia. Ili kuyaeleza mazungumzo mazima, ilibidi zitungwe lugha nyingine, nazo ziligawanyika kwa mahali mwelezaji anaposimama.

Mgawanyiko huo waonekana vizuri katika vitenzi vya Kiswahili. Yaweza kusemwa: Asha anampelekea Juma barua. Yaweza kusemwa: Juma anapelekewa barua na Asha. Na yaweza kusemwa: Asha na Juma wanapelekeana barua. Sentensi mbili za kwanza ni tukio moja lililotazamwa kutoka pande mbili, na kila moja ina mwenzake wa kuielekea. Sentensi ya tatu imesemwa na mtu aliyesimama juu, awaonaye wote wawili kwa pamoja. Kiambishi -ana kina faida ya kuyakusanya mambo, na kina hasara yake pia: hakisemi nani alianza. «Walisalimiana» haituambii nani alitoa shikamoo, ilhali kila Mswahili ajua kwamba mdogo ndiye aitoaye na mkubwa ndiye aitikiaye marahaba.

Lugha ya BPEL, iliyopitishwa na OASIS mwaka 2007 katika toleo lake la 2.0, ilichukua njia ya kwanza. Huyaeleza mazungumzo kama yaonwavyo na mshiriki mmoja: napokea hiki, napeleka kile, nangoja kile kingine. Lugha ya WS-CDL ilichukua njia ya -ana. Kikundi cha W3C kilichoitunga kiliundwa mwaka 2003, na mwezi wa Novemba 2005 lugha ikafikia daraja ya kuwa mtarajiwa wa kupendekezwa. Huyaita maelezo yake koreografia, neno la fani ya dansi, kwa sababu huandika hatua za wachezaji wote katika karatasi moja. Ili kuepuka ile hasara ya -ana, kila tendo ndani yake lazima litaje wazi mhusika apelekaye na mhusika apokeaye. Tena yaruhusu kuwekwa muda ambao tendo lisipotimia ndani yake huhesabiwa kuwa limeshindwa. Kwa jambo hilo WS-CDL imekikaribia kipimo cha hodi kuliko zote zilizotangulia.

Hata hivyo ina mahali ambapo imeahidi kupita uwezo wake. Mwandishi wa koreografia aweza kulitia tendo sifa ya kwamba likimalizika wahusika wote wawili wana ufahamu mmoja wa habari zilizopita na wa hali iliyofikiwa. Sifa hiyo huandikwa kwa neno moja tu, «kweli». Lakini kupata ufahamu wa namna hiyo kwa njia ipotezayo ujumbe ni mojawapo ya mambo magumu kuliko yote katika elimu ya kompyuta. Wataalamu walikwisha kuonyesha katika miaka ya 1970 kwamba majemadari wawili waliotenganishwa na adui, wasio na njia ila tarishi awezaye kutekwa, hawawezi kamwe kuhakikishiana kwamba watashambulia pamoja. Wa kwanza hupeleka habari. Wa pili hurudisha itiko. Sasa wa pili hajui kama itiko lake limefika, kwa hiyo ahitaji itiko la itiko, na hivyo hivyo bila mwisho. Idadi yoyote ya barua haitoshi. Sifa ile haisemi ni barua zipi zitakazopita ili maafikiano yapatikane. Yameandikwa kuwa yapo, basi. Sarufi iandikayo «wasemaji huelewana» kama sifa ya sentensi imejaza kwa neno moja nafasi iliyopaswa kujazwa kwa uchunguzi.

Kikundi hicho kilifungwa mwaka 2009, na lugha yake haikupata kuwa pendekezo kamili. Walakini kazi yake haikupotea, maana miongoni mwa wataalamu walioalikwa kuisaidia walikuwamo Robin Milner, Kohei Honda na Nobuko Yoshida. Milner, pamoja na Joachim Parrow na David Walker, alikuwa amechapisha mwaka 1992 hisabati iitwayo hesabu ya pai, ambamo kila kitu ni kupeleka na kupokea majina kwa njia za mawasiliano. Honda alikuwa ameanza mwaka 1993 kuipa hisabati ya namna hiyo aina za kikao, yaani kanuni zisemazo kikao cha watu wawili kitafuata mfululizo gani. Mwaka 2008 Honda, Yoshida na Marco Carbone walitoa makala juu ya vikao vya watu wengi. Humo mazungumzo huandikwa kwanza kutoka juu, kwa jicho la -ana; kisha kutoka humo hukatwa sehemu ya kila mshiriki, yenye -pelekea na -pelekewa peke yake. Walithibitisha kwamba maelezo ya juu yakitimiza masharti fulani, na kila mshiriki akiishika sehemu yake, basi hakuna atakayepokea ujumbe wa aina asiyoingojea, wala hawatakwama ndani ya kikao hicho kwa kungojana.

Huu ni ushindi wa kweli, na kwa mwanafunzi wa lugha ni kazi nzuri kuliko zote zilizotajwa hapa. Lile lililosemwa kwa neno «kweli» katika WS-CDL, hapa limetolewa hoja. Hasa masharti yake yana mafunzo: mshiriki mmoja akichagua njia, kila mwingine ambaye mwenendo wake hutegemea uchaguzi huo lazima apate kuujua. Asiyejulishwa hawezi kulaumiwa kwa kukosea.

Lakini hata kazi hii ina mambo mawili ya kuhakikiwa. La kwanza limo katika mfano wake wenyewe. Wanunuzi wawili wataka kitabu cha bei kubwa. Wa kwanza humtajia muuzaji jina la kitabu. Muuzaji huwatajia wote wawili bei. Wa kwanza humwambia wa pili kiasi atakachochangia. Wa pili humwambia muuzaji ama anakubali, naye hutuma anwani na kupata siku ya kuletewa, ama anaacha. Kikao kimekwisha. Mnunuzi wa kwanza, aliyeahidi fedha yake, hakuambiwa lolote. Kwa masharti ya nadharia hakuna kosa, kwa sababu hana tendo lingine lililobaki ambalo lingebadilika. Kwa masharti ya watu, amevunjiwa heshima. Nadharia yahesabu wajibu wa kutenda, na haihesabu haki ya kujua.

La pili ni kubwa zaidi. Nadharia ya 2008 ilichukua kwamba ujumbe hauchelewi milele wala haupotei. Yaani imejenga nyumba nzuri katika nchi ambamo kila hodi huitikiwa. Kazi zilizofuata zimeanza kuingiza mshiriki aangukaye katikati ya kikao, na hiyo ndiyo njia ya kufuatwa.

Wakati huo huo wenye viwanda vya programu walikwenda upande mwingine. Lugha iliyoenea baadaye ni OpenAPI, iliyoanza mwaka 2011 kwa jina la Swagger. Ni rahisi kuandika na kusoma, na kwa sehemu kubwa imerudi kwenye jozi moja ya ombi na jibu. Toleo la 3.0 la mwaka 2017 liliongeza njia ya kueleza jibu litakalokuja baadaye kwa kupigiwa huduma ya muulizaji, na mwaka 2024 ilitolewa hati ya pili, Arazzo, ya kueleza mfululizo wa maombi. Haja iliyokataliwa mwaka 2009 imerudi kwa mlango wa nyuma, na mara hii imetazamwa kwa jicho la muulizaji peke yake.

Mambo haya si ya wataalamu tu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo fedha za watu wa Afrika Mashariki zimekuwa zikisafiri kwa ujumbe baina ya kompyuta. Msomaji na achukue mfano wa kubuni wa mama mwenye duka na mteja aliyelipa kwa simu. Ujumbe umekwenda, jibu halikurudi. Mteja asema amelipa, mama asema hakuona. Mteja akibonyeza tena, yawezekana akatwe mara mbili; asipobonyeza, yawezekana mama apoteze mali yake. Itifaki ya HTTP, ambayo hubeba ujumbe huo mara nyingi, ina nusu ya dawa: yatambua kwamba maombi ya aina ya PUT na DELETE hata yakirudiwa matokeo yaliyokusudiwa ni yale yale, ilhali ya aina ya POST hayana dhamana hiyo. Na malipo aghalabu hupelekwa kwa POST. Ruhusa ya kurudia hodi mlangoni pa fedha, basi, yapaswa kuandikwa katika maelezo ya huduma, kwa alama rasmi, pamoja na muda wa kungoja na hesabu ya mara. Ikiachwa, kila mtunga programu atabahatisha kwa akili yake, na atakayelipa ni yule mteja au yule mama.

Kwa wasomi wa Kiswahili iko kazi ya karibu. Istilahi za mambo haya bado zinatafutwa, na mara nyingi neno «jibu» hubebeshwa mizigo miwili. Yafaa kutenganisha wito, itiko na jibu, kwa kuwa lugha yenyewe imekwisha kuyatenganisha. Na yafaa kuzitumia kauli za -pelekea, -pelekewa na -pelekeana kila moja mahali pake, kwa kuwa zinapambanua zile nafasi tatu za kutazamia ambazo lugha za mashine zimezifikia kwa taabu. Maelezo rasmi yatakayosahau mojawapo yatamwacha mtu amesimama nje ya mlango, hodi imekwisha mdomoni, hajui kama abaki au arudi.